Darasa la maigizo na ngoma kwa watoto 24, Lamu: wiki 10, onyesho Mkunguni. Tupange vipi?

Mwana wa Langoni

Assalamu alaykum. Kikundi chetu cha mtaa hapa Lamu kinafungua darasa la sanaa za maonyesho kwa watoto: maigizo, ngoma, utenzi na uimbaji. Mpango ni wiki 10, kisha onyesho la wazi pale Mkunguni mbele ya Ngome.

Tulicho nacho: watoto 24 wa miaka 10 hadi 17, wasichana 11 na wavulana 13. Walimu watatu wa kujitolea, mmoja wa uigizaji, mmoja mpigaji ngoma, mmoja mwalimu wa Kiswahili. Mahali ni kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya mawe, mita 9 kwa 7, nusu yake ina kivuli jioni. Vyombo ni matari mawili, chapuo (ngoma ndogo) moja iliyopasuka ngozi, spika moja na maiki mbili.

Naomba wenye kujua wanisaidie haya:

1. Siku na saa zipi zisizogongana na shule wala chuo (madrasa)?
2. Tuwagawe vipi kwa umri?
3. Tutumie mchezo ulioandikwa au watunge wenyewe?
4. Ngoma gani tuanze nayo, na vyombo vingapi vinatosha?
5. Wazazi wa wasichana tuwaendee vipi?
6. Vibali.

Bajeti ni ndogo, kwa hiyo msinielekeze kwa vitu vya kuagiza Nairobi.

---

Mkufunzi wa Jukwaa

Wa alaykum salaam. Ngoma nawaachia wenye ngoma. Mimi nijibu 1 hadi 3.

Ratiba ya Lamu hupangwa kwa sala kwanza, saa baadaye. Anzeni saa kumi na nusu, alasiri ikiwa imeshasaliwa, mfunge saa kumi na mbili kamili ili kila mtoto afike kwao kabla ya maghrib. Hizo ni dakika 90, na hazirefuki. Kwa siku, Alhamisi na Ijumaa jioni ndizo salama zaidi kwa sababu vyuo vingi hupumzika siku hizo, lakini ulizeni chuo kwa chuo, maana si vyote. Ubaya wa siku mbili zilizofuatana ni kwamba mtoto anakaa siku tano bila kushika kazi. Dawa yake ni kumpa kitu kidogo cha kwenda nacho nyumbani kila Ijumaa: beti mbili za utenzi au mistari minne ya mchezo. Zaidi ya hapo hatashika.

Wiki 10 mara siku 2 ni vipindi 20, yaani saa 30. Mkichelewa kuanza dakika 10 tu kila kipindi mmepoteza zaidi ya saa tatu, yaani zaidi ya mazoezi yote ya wiki moja. Mlango ufunguliwe saa kumi na robo, na anayewahi akute mchezo umeshaanza. Msingoje watimie.

Tazameni kalenda mbili kabla ya kutangaza tarehe. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mpango wa mwaka jana hauhamishiki vilevile mwaka huu. Na Mfungo Sita msiuguse kabisa: mji unajaa wageni wa Maulidi, watoto wako kwenye matari ya chuo, na hakuna atakayekuja kwenu. Wala msishindane nayo.

Kuhusu umri, 10 hadi 12 kundi moja, 13 hadi 17 la pili. Sababu si akili tu, ni nafasi. Mita 9 kwa 7 ni mita za mraba 63. Mkiingiza 24 kila mtoto ana kama mbili na nusu, na akinyosha mikono anampiga mwenzake. Mkiingiza 12 kila mmoja ana zaidi ya tano, sasa anaweza kuruka. Basi kundi moja liwe kiwandani kwa mwendo, jingine likae dakani, pale ukumbini mwa mlango, kwa sauti na utenzi, wabadilishane katikati. Walimu wawili wanashika makundi, wa tatu anazunguka na daftari la mahudhurio.

Kipindi kimoja kiende hivi. Dakika 10 za kuamsha mwili, wote pamoja. Kisha dakika 30 kwa kila upande, wabadilishane. Dakika 15 wote tena, kundi moja linaonyesha, jingine linatazama. Zinazobaki tano ni kufagia, kuhesabu vyombo na kutoa kazi ya nyumbani. Hizo dakika 15 za kutazamana msizikate hata kama mmechelewa. Mtoto ambaye hajawahi kutazamwa na wenzake hadi siku ya onyesho atageuza mgongo akifika Mkunguni.

Sauti ndiyo itakayowaangusha kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kiwanda cha mawe kinadanganya: kuta zinarudisha sauti, mtoto anajiona anasikika. Nje hakuna ukuta, sauti inaondoka na upepo. Tena ndani ya kuta maneno ya haraka huvurugana, na nje ni maneno ya mwisho wa sentensi yanayopotea, kwa sababu pumzi imeisha. Fundisheni pumzi kwa utenzi, hamhitaji zoezi la kigeni. Kipande kimoja kina mizani 8 na ubeti una vipande vinne. Mtoto aanze kipande kimoja kwa pumzi moja. Wiki ya tatu vipande viwili, yaani mizani 16. Wiki ya sita ubeti mzima, mizani 32, kwa wale wakubwa. Mnaweza kutunga beti za kazi kama huu:

*Simama kaza miguu,*
*sauti itoke juu,*
*iwafikie wakuu,*
*walokaa barazani.*

Kosa la kawaida ni kupandisha mabega wakati wa kuvuta pumzi. Mtoto alale chali, aweke kitabu tumboni, kitabu kipande na kushuka. Akisimama ajaribu kuirudia hali ileile. Kosa la pili ni kupiga kelele badala ya kutoa sauti: koo linakaza, mishipa ya shingo inaonekana, na baada ya dakika 10 amekauka. Mkiona hivyo mrudisheni kwenye kunong'ona ubeti uleule hadi koo lilegee, kisha aongeze taratibu.

Kuanzia wiki ya nne watoeni nje mara moja kwa wiki, mahali popote pa wazi. Mmoja asimame, mwenzake aende hatua 20, aseme sentensi moja asiyoijua mwenzake, naye airudie neno kwa neno. Asiposikika hasemi tena kwa nguvu, anasema tena polepole huku akimalizia irabu ya mwisho. Tisa kati ya kumi ya "hasikiki" ni mwisho wa neno uliomezwa.

Swali la tatu: watunge wenyewe, ila msiwaachie uwanja mtupu. Mkisema "igizeni jambo lolote la mtaani" mtapata mlevi, polisi na makofi, kila kundi, kila wiki. Hiyo hutokea kwa sababu hamkuwapa haja. Wapeni vitu vitatu: mahali pamoja, kitu kimoja, na watu wawili wanaokitaka. Kwa mfano, ndoo moja ya maji, mfereji umekatika, mmoja anataka kufua sare ya shule, mwingine ana mgonjwa. Au nafasi moja imebaki kwenye boti ya kwenda Mokowe na abiria ni wawili. Mzozo utakuja wenyewe na ngumi hazitakuwa na kazi.

Wiki zenyewe: 1 hadi 3 ni michezo ya mwili, sauti na visa vifupi vya dakika mbili. 4 hadi 6 chagueni visa vitatu vilivyo hai, mvikuze hadi dakika sita sita. Mwisho wa wiki ya 6 mwalimu wa Kiswahili anaandika maneno jinsi watoto walivyoyasema, hasafishi sana. Wiki ya 7 maneno yanafungwa. Baada ya hapo hakuna mstari mpya hata ukiwa mtamu kiasi gani, maana kila mstari mpya unaangusha miwili ya zamani. 8 ni kuunganisha visa, utenzi na ngoma. 9 ni kupitisha kazi nzima nje bila kusimamisha, mara mbili. 10 ni onyesho.

Kila nafasi yenye maneno iwe na mbadala. Katika watoto 24 wa kujitolea mtapoteza kadhaa njiani: mmoja kahamia Mombasa, mwingine kaitwa timu ya mpira. Mbadala asimame pembeni akifuatisha, si kukaa.

---

Msondo na Vumi

Swali la 4. Ndugu, kwa watoto 12 wa kundi la ngoma hamhitaji ngoma 12. Seti ya kutosha ni chapuo 2, vumi 1 (ngoma kubwa ya sauti nzito), msondo 1 (ngoma ndefu), matari 4, upatu 1 na kayamba 2. Hao ni 11, na wa mwisho anaongoza makofi na kiitikio. Mkikosa msondo, anzeni bila huo. Mkikosa upatu, tumieni sinia nzito ya shaba au ya chuma kigumu. Sufuria ya alumini hailii, inabweka.

Zumari muacheni fundi mzima apige, mumwalike wiki ya 8. Mtoto hawezi kuimudu kwa wiki 10 kwa sababu mpigaji huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, na hilo ni zoezi la miezi. Vijana wawili wenye hamu waanze na bomba la kunywea na kikombe cha maji: wapulize mapovu yasikatike huku wanapumua kwa pua.

Kabla ya mkono kugusa ngozi, pigo lisemwe kwa mdomo. Upatu una mapigo yake, chapuo ina yake, kila kundi liseme sehemu yake kwa silabi, "ti" kwa pigo dogo na "dum" kwa kubwa, huku miguu ikitembea. Wiki mbili za mwanzo mdomo na miguu tu. Wanalalamika, waacheni walalamike. Anayekimbilia ngoma bila kulisema pigo hujifunza mkono wenye makosa, na mkono haukubali kusahihishwa.

Tatizo litakalowafika wiki ya 5 ni mwendo kukimbia. Ngoma inaanza vizuri, baada ya dakika mbili imekuwa mbio. Chanzo ni chapuo kumtazama mchezaji badala ya kusikiliza upatu: mchezaji akisisimka chapuo inamfuata, vumi inafuata chapuo, basi. Mwekeni mwenye upatu katikati nyuma ya wapigaji wote, karibu na masikio yao, na awe mtoto mtulivu kuliko wote, hata kama si hodari. Chapuo zikae na ubavu kwa wachezaji, zisiwaelekee.

Ngoma ya kuanza nayo kwa wavulana ni kirumbizi, ile ya kupigana fimbo kwa mchezo, kwa sababu wanaipenda na ina mipaka inayoeleweka. Fimbo iwe henzirani au mti mwepesi, urefu wa kufika kifuani kwa mtoto, ncha zisuguliwe msasa na zizungushiwe kitambaa. Boriti nyembamba ya mkoko ni nzito mno, ikiteleza inavunja kidole. Kanuni: fimbo hukutana na fimbo tu, chini ya mabega, kwa mapigo ya kuhesabu hadi 8 yaliyopangwa. Umbali wa kuanzia ni fimbo mbili zilizonyoshwa zikigusana ncha. Wawili tu uwanjani kwa wakati mmoja, wengine wakae. Wiki tatu za kwanza polepole, bila ngoma. Ajali nyingi hutoka kwa aliyekaa nje akichezea fimbo yake, kwa hiyo asiyeingia hana fimbo mkononi.

Goma la wazee wenye kanzu na bakora lisiigwe kwa mzaha kwenye mchezo wa kuchekesha. Nendeni kwa wazee wanaolicheza, mwombe aje mmoja awaonyeshe vijana ule mwendo wa taratibu. Watoto hudhani ni rahisi kwa kuwa ni pole, kisha magoti yanawatetemeka baada ya dakika tatu. Na kasida na maulidi visiingizwe kwenye maigizo kabisa. Vina mahali pake.

---

Mama wa Mkomani

Mwanangu wa Langoni, la 5 na la 6 nitakujibu mimi, maana wanaume hapo juu wameandika kurasa na hawajamtaja msichana hata mmoja.

Mzazi wa Lamu hakatai sanaa. Anakataa asichokijua: nani yuko pale, mlango uko wazi au umefungwa, na picha za binti yake zitakwenda wapi. Basi msimwite kwenye mkutano, mwendeeni nyumbani, na aende mwanamke. Walimu wenu watatu, kama wote ni wanaume, tafuteni mwanamke wa nne kabla ya kuandikisha msichana hata mmoja. Nasema kabla. Watu wazima wawili wawepo kila kipindi, asibaki mmoja peke yake na mtoto, na mlango wa daka ukae wazi muda wote.

Karatasi ya ruhusa iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: jina na umri, simu za watu wazima wawili, ugonjwa kama pumu au kifafa, nani anamchukua mtoto jioni, na saini. Ruhusa ya picha iwe sehemu yake peke yake, yenye ndiyo na hapana. Mzazi anaweza kukubali mtoto aigize na akakataa apigwe picha, na hiyo ni haki yake. Kisheria mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata huyo kijana wenu wa 17 mwenye ndevu anahitaji saini.

Hilo la picha litawasumbua siku ya Mkunguni, maana pale hapakosi watalii wenye kamera na vijana wenye simu. Tangazeni kabla ya kuanza kwamba anayepiga picha ni mmoja tu, wa kikundi. Watoto waliokataliwa picha wavae kitu cha kutambulika, kitambaa cha rangi moja mkononi, ili mpiga picha wenu mwenyewe asiwakosee. Waweza kuwapa kazi ya utenzi nyuma ya wapigaji, wasikike bila kuwa mbele.

Ngoma za wasichana: vugo ni ya wanawake na ya harusi, na chakacha ni ya ndani. Msiwatoe wasichana wa miaka 14 kucheza chakacha mbele ya wanaume Mkunguni halafu mshangae wiki ya pili hawaji. Mapigo ya pembe za vugo wanaweza kuyajifunza ndani kwa mwalimu mwanamke, yakaonyeshwa kwa kina mama siku nyingine, kiwandani, wanaume wakiwa nje. Onyesho la pili kama hilo lina faida: ndilo linaloleta wasichana zaidi msimu ujao, kwa sababu mama zao wameona kwa macho. Mbele ya watu wote wasichana wapewe utenzi, usimulizi na nafasi nzito za maigizo. Nzito nasema, si kubeba sinia la chai kwenye kila kisa.

Mavazi yasitumie pesa. Kanga mnazo. Kila mtoto alete moja, jina liandikwe pindoni kwa kalamu ya wino usiotoka. Kubadilisha nguo wawe na vyumba viwili, na siku ya Mkunguni waje wamevaa tayari kutoka nyumbani.

Vibali ni rahisi mkianza mapema. Mkutano wa hadhara hutolewa taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Barua iseme tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, na jina na simu ya msimamizi. Nakala igongwe muhuri, mbaki nayo. Uwanja muombe kaunti, na mkitumia vipaza sauti ulizieni hapo hapo kibali cha kelele. Mkitaka kuingia ndani ya Ngome kwa sababu ya mvua, hiyo iko chini ya Makumbusho ya Taifa, barua ni nyingine. Chifu apewe taarifa hata kama hakuna sheria inayomtaja, na imamu wa msikiti ulio karibu aulizwe saa. Kikundi chenyewe kisajiliwe kama kikundi cha jamii, wanachama kuanzia 10, kwa sababu bila cheti hamfungui akaunti, na pesa zikikaa mfukoni mwa mtu mmoja zitaleta maneno.

---

Kayamba wa Malindi

Salamu kutoka Malindi. Nimesoma yote, naongeza machache na moja napinga.

Napinga hesabu ya visa vitatu vya dakika sita kwa kundi la 13 hadi 17. Hao wamechoka kuonyesha na wanataka kubishana. Wapeni kisa kimoja cha maigizo ya majadiliano, namna aliyoieneza Augusto Boal wa Brazil tangu miaka ya 1970. Mnacheza kisa cha dakika 8 hadi 10 kinachoisha vibaya kwa mnyonge. Mnakicheza tena tangu mwanzo, na mtazamaji yeyote akiona pa kubadilisha anasema "Simama!", anaingia mahali pa yule mnyonge na kujaribu njia nyingine. Anayeonea habadilishwi. Mkimruhusu mtazamaji ambadilishe mwonezi, atamfanya mwema ghafla na mchezo umekufa. Panahitajika msimamizi mmoja, mtu mzima, anayeuliza watazamaji "hii ingewezekana kweli?" bila yeye kutoa jibu.

Linaloharibika ni hotuba. Mtu anasimama na kuanza kuwashauri vijana wa siku hizi. Msimamizi amkate kwa adabu: "Mzee, tuonyeshe." Asipotaka kuinuka, na wazee wengi wa barazani hawatainuka, mwigizaji aende mbele yake apokee maelekezo na kuyacheza. Watoto wa miaka 10 msiwatie humo, watapigwa na butwaa mtu mzima akiingia.

Kuhusu mashindano ya shule: usiwaahidi wazazi kwamba darasa hili litakwenda tamasha la kitaifa la drama. Lile ni la shule na vyuo, linaanzia muhula wa kwanza na kupanda ngazi kwa ngazi hadi taifa, kwa kawaida likizo ya Aprili. Kikundi cha mtaa hakiingii kwa jina lake. Mnachoweza ni kumwandaa mtoto, shule yake ikamtumia. Lakini ongeeni na mwalimu wa drama wa shule hiyo mapema, la sivyo Februari na Machi atawanyang'anya watoto wote jioni kwa mazoezi yake, na ana haki. Ushauri wangu ni kuanza muhula wa pili.

Wakubwa wawekeeni kumbukumbu ya kazi: tarehe, nafasi aliyocheza, chombo alichojifunza, sahihi ya mwalimu. Elimu ya sekondari ya juu sasa ina mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, na mtoto anayeutaka atafaidika kuwa na kitu cha kuonyesha.

Huku Malindi nauli ndiyo inayoua madarasa kama haya, watoto wanatoka Muyeye hadi Maweni. Nyinyi mna bahati ya mji wa miguu, ila mtoto wa Shela ana kama kilomita 3 za pwani kurudi. Huyo apangiwe mtu wa kumsindikiza au aruhusiwe kutoka dakika 20 kabla. Na mkija kuongeza watoto wa Pate, kumbukeni boti za kupitia mlango wa bahari wa Mkanda hungoja maji yajae, kwa hiyo saa ya mazoezi yao itabadilika kila wiki.

Pesa chache mlizo nazo: kwanza maji ya kunywa, pili sanduku la huduma ya kwanza, tatu ngozi na kamba za ngoma, nne kitu cha kula wiki ya 9 na 10 mazoezi yanapokuwa mazito, mahamri mawili kila mtoto yanatosha. Fulana zenye nembo ziwe za mwisho, au zisiwepo.

---

Mwana wa Langoni

Nawashukuru nyote, shukran mama. Mwanamke wa nne tutamtafuta kwanza, na muhula wa pili tumekubali. Nina mawili yamebaki. Maiki mbili kwa watoto 24 tuzitumieje? Na ile chapuo iliyopasuka inafaa kutengenezwa au tununue?

---

Mkufunzi wa Jukwaa

Kwa waigizaji msizitumie. Maiki ya kupokezana inaua maigizo: mtoto anangoja maiki badala ya kumsikiliza mwenzake, mkono mmoja umefungwa, na aliyesahau kuipitisha anazungumza peke yake. Moja iwe ya msimulizi, kwenye mti wa maiki, pembeni. Ya pili ya msomaji wa utenzi. Spika ikae mbele ya maiki zote, iwaelekee watu. Ikiwa nyuma ya maiki italia mluzi. Waya zipite nyuma na zibandikwe chini kwa utepe mpana wa gundi, na kila baada ya kazi plagi zifutwe kwa kitambaa kikavu, chumvi ya bahari inazila. Umeme ukikatika onyesho liendelee. Wiki ya 9 fanyeni pitio moja bila umeme kabisa.

Watazamaji wawekeni nusu duara: mikeka safu mbili chini kwa watoto, mabenchi safu mbili, nyuma wasimame. Nusu duara ya hatua 12 kutoka jukwaani hadi aliyesimama mwisho inabeba watu wengi kuliko mnavyodhani, na sauti ya mtoto inaifika. Mkiwapanga safu ndefu zilizonyooka, wa nyuma wataanza soga na wa mbele hawatasikia. Waigizaji wauweke upepo mgongoni. Jua la jioni lisimpige mtu usoni, kwa hiyo jukwaa liwe upande wa kusini au kaskazini wa nafasi yenu, ikigongana na upepo mchague upepo. Anzeni saa kumi na nusu, dakika 35 hadi 40 jumla. Punda akilia, mwigizaji anyamaze, amtazame, aendelee. Wafanyieni zoezi hilo, kweli, maana atalia.

Kuhusu maigizo ya majadiliano, Kayamba ana haki kwa wakubwa. Basi visa viwili vya wadogo, kimoja cha majadiliano cha wakubwa, na muda uleule.

---

Msondo na Vumi

Chapuo itengenezeni, kama mbao haijapasuka. Pigeni pigeni mwili wake kwa kidole: ukilia mmoja ni mzima, ukikwaruza una ufa.

Nunueni ngozi ya mbuzi, si ya ng'ombe, chapuo ndogo haibebi ngozi nene. Ikiwa imetiwa chumvi ioshwe kwa maji matamu mara nne au tano, kila mara mkimwaga. Msiiloweke baharini hata siku moja: chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewa na ngoma haitashika sauti hapa pwani. Kisha lowekeni usiku kucha kwenye maji matamu hadi ilegee kama kitambaa. Nyoeni manyoya upande wa kupigwa. Kateni duara lenye ziada ya vidole vinne pande zote. Vutieni kamba kwa jozi za kukabiliana, hapa na ng'ambo yake, hapa na ng'ambo yake, msizunguke kwa mfululizo, la sivyo upande mmoja utakuwa na sauti ya juu kuliko mwingine. Isikazwe hadi mwisho ikiwa mbichi, ikikauka hujivuta yenyewe na iliyokazwa mno hupasuka ukingoni. Kausheni kivulini penye hewa siku mbili au tatu. Juani inajikunja. Baada ya hapo kazeni mara ya mwisho.

Jioni ngozi hulegea kwa unyevu. Siku ya onyesho washeni moto mdogo wa makuti au maboksi, ngoma ishikwe umbali wa mkono ulionyoshwa, izungushwe, dakika tano hadi kumi, mkipiga mara kwa mara kusikiliza. Mkono wenu ukiona moto ni mkali, ngozi imeshaungua. Vumi ipashwe kwanza kwa sababu inachukua muda, chapuo mwisho kwa sababu inapoa haraka. Mtu mzima ndiye anayepasha, na ndoo ya maji au mchanga iwe karibu. Matari ya ngozi ya plastiki hayahitaji moto, myaweke mbali nao.